Maji ya Meru Ndani ya Tangi la Samaki

Mazungumzo ya leo ni ya wale wanaofuga samaki wa mapambo katika nyumba za Arusha, kuanzia Sakina na Njiro hadi Usa River, lakini yanamgusa pia kila anayekinga maji ya bomba au ya kisima chini ya Mlima Meru. Swali ni hili: je, mwenye tangi la kioo sebuleni anahitaji mtambo wa RO, yaani osmosisi ya kinyume, ule unaosukuma maji kwa nguvu kupitia utando unaozuia chumvi? Muuzaji atasema anauhitaji kwa kila lita inayoingia kwenye tangi. Mwingine aliyefuga samaki Dar es Salaam kwa maji ya bomba tu atasema ni kutupa pesa. Mimi nasema Arusha si Dar es Salaam, na mtambo huo una kazi ya kweli hapa. Ila kazi yenyewe ni ndogo kuliko inavyotangazwa: ni kufidia maji yanayopaa kutoka kwenye tangi, na kulainisha maji kwa ajili ya samaki wa aina chache. Maji mengine yote yatakayotoka kwenye mtambo huo yana mwenye haki zaidi, naye yuko jikoni.

Tuanze mlimani. Meru ni volkano yenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, na mara ya mwisho ilitoa majivu mwaka 1910. Miamba na majivu yake yana soda nyingi na kalsiamu kidogo. Mvua inapopenya humo, maji huchukua sodiamu, bikaboneti na floridi. Laiti kungekuwa na kalsiamu ya kutosha, ingeikamata floridi na kuigeuza chembe ngumu inayotuama. Kwa kuwa kalsiamu ni haba, floridi hubaki imeyeyuka, na maji yanashuka bondeni yakiwa angavu na baridi, pengine matamu kabisa mdomoni, huku yamebeba kitu kisichoonekana wala kunusika. Mito ya upande wa mashariki na kaskazini, kama Maji ya Chai na Ngare Nanyuki, imepimwa ikiwa na zaidi ya miligramu 10 za floridi kwa lita. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha kuna maziwa ya Momella, ambayo hayana mto unaoyatoa maji yake. Maji yanaingia, jua na upepo vinayapandisha hewani, chumvi zinabaki. Katika ziwa kubwa la Momella floridi imefikia mamia ya miligramu kwa lita. Naomba msikilizaji alishike hilo la ziwa lisilo na mlango wa kutokea, maana hoja yangu yote kuhusu tangi la samaki imeegemea hapo.

Madhara kwa binadamu hayahitaji maelezo marefu kwa mtu wa Arumeru. Meno ya kahawia yenye vidoa yanaonekana kwa watoto na kwa wazee, na pale floridi ilipozidi sana kwa miaka mingi, mifupa hupinda na viungo hukakamaa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Tanzania, kwa kuwa vijiji vingi havikuwa na chanzo kingine, ilikubali katika miaka ya 1970 kiwango cha muda cha miligramu 8, kikashushwa baadaye hadi 4, na viwango vya sasa vimefika kwenye 1.5. Kule Ngurdoto serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuondoa floridi, kilichojulikana zaidi kwa chujio za mkaa wa mifupa. Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru nayo imefanya kazi katika suala hilohilo, na mwanasayansi wake Askwar Hilonga alipata mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, kwa chujio linalounganisha mchanga na vitu vya nano. Mamlaka ya maji ya jiji, AUWSA, imetekeleza mradi wa takribani shilingi bilioni 520, kwa mkopo mkubwa wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ili kuongeza maji na kupata vyanzo vyenye floridi pungufu. Kwa hiyo maji ya Arusha si ya namna moja. Mtaa mmoja unaweza kupata maji mazuri na kisima cha jirani kikawa na kiasi mara tatu. Yeyote atakayekwambia kwa jumla kwamba maji ya Arusha ni mabaya, au ni mazuri, hajayapima.

Sasa samaki. Floridi huwaingia kupitia matamvua na chakula, hujikusanya kwenye mifupa, na huvuruga vimeng'enya vinavyoendesha kazi za mwili. Wataalamu wa maji baridi wamegundua kwamba madhara hupungua penye kalsiamu nyingi na huongezeka kalsiamu ikiwa haba. Maji ya Meru ni ya namna hiyo ya pili: soda tele, kalsiamu kidogo. Mtu anapima, anaona maji yake yana nguvu ya alkali, anadhani ni maji magumu yanayowalinda samaki, kumbe alkali yenyewe ni ya soda. Hata hivyo, samaki wengi wa mapambo huvumilia miligramu 3 au 4 bila kuonyesha dalili za haraka, na nisingetaka mtu aamke kesho na hofu. Tatizo ni kwamba kile kiasi ulichopima bombani hakibaki hivyo tangini.

Fikirieni tangi la lita 200. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai baridi ni kali kwa samaki wa tropiki, hivyo mfugaji huweka hita ishike nyuzi 25 au 26. Maji ya uvuguvugu ndani ya chumba cha baridi na hewa kavu hupaa upesi. Tuseme yanapungua lita 10 kwa wiki, na mwenye tangi anajazia kwa maji ya bomba yenye miligramu 4 za floridi. Mvuke unaondoka mtupu. Floridi haipai. Kila wiki miligramu 40 zinaongezwa, sawa na 0.2 kwa kila lita ya tangi. Asipobadilisha maji mwaka mzima, akawa anajazia tu, atakuwa ametoka kwenye 4 na kupita 14. Ametengeneza Momella ndogo sebuleni. Na si floridi peke yake. Soda nayo inajilimbikiza, na maji yakizidi kuwa na alkali, amonia inayotolewa na samaki hugeuka kwa wingi kuwa ile ya hewa, iliyo sumu kali kwa matamvua. Samaki atakufa kwa amonia, na lawama zitaangukia chakula au aliyemuuza.

Hapa mfugaji makini atanipinga, na ana haki. Atasema: mimi sijazii tu, nabadilisha robo ya maji kila wiki. Hesabu inamuunga mkono. Akitoa lita 50 kila wiki na kurudisha 50 pamoja na zile 10 zilizopaa, floridi itatulia kwenye miligramu 4.8 hivi, tofauti ndogo na ya bomba. Kwa mtu huyo, tena mwenye bomba lenye floridi ya wastani, mtambo wa RO ni anasa. Lakini tuangalie hali halisi ya mji ambao baadhi ya mitaa yake hupata maji kwa mgao. Lita 50 kila wiki kwa ajili ya samaki ni ndoo mbili na nusu za lita 20 ambazo nyumba nyingine hununua. Wengi hubadilisha mara moja kwa mwezi. Kwa mwendo huo floridi inatulia kwenye 7.2, karibu mara mbili ya bomba. Mtu huyohuyo akifidia zile lita 10 zilizopaa kwa maji yasiyo na chumvi, tangi lake litabaki karibu na miligramu 4 hata kama anabadilisha mara moja tu kwa mwezi. Lita 10 kwa wiki! Hiyo ndiyo kazi ya RO kwenye tangi la samaki la Arusha, na haizidi hapo kwa walio wengi.

Kwa nini isiwe chujio la kawaida? Kwa sababu sponji huzuia takataka, mkaa wa kawaida huondoa klorini, harufu na rangi, na vyote viwili huipitisha floridi bila kuigusa. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, kwani maji hupungua na floridi hukazana. Utando wa RO hufanya kazi kwa namna nyingine. Kwa asili, maji hupenya utando kutoka upande wenye chumvi chache kwenda upande wenye chumvi nyingi. Ukiusukuma upande wa chumvi kwa kani kubwa kuliko mvuto huo, maji hurudi kinyume na kuziacha chumvi nyuma. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walipata utando wa kwanza uliofaa kwa kazi hiyo California karibu na mwaka 1960, na leo miji ya Oman kama Sur hunywa maji ya bahari yaliyopitishwa humo. Hapa kwetu, huko Mdori mkoani Manyara, watafiti wamejaribu mitambo ya utando inayoendeshwa kwa umeme wa jua kwenye maji yenye floridi nyingi mno. Utando mzima hupunguza floridi kwa asilimia 90 au zaidi.

Lakini utando una masharti, na mengi huanza kuonekana baada ya pesa kulipwa. Unataka shinikizo la bar 3 hadi 4. Tangi la mnara lililo mita 5 juu ya bomba hutoa nusu bar tu, hivyo bila pampu mtambo utatoa matone. Maji ya baridi hupita kwa shida: uwezo unaoandikwa kwenye boksi ni wa nyuzi 25, na kila nyuzi moja inaposhuka, mtambo hupoteza karibu asilimia 3 ya uwezo huo, kwa hiyo mwenye kununua Februari asishangae Julai. Klorini huula utando, ndiyo sababu mkaa hutangulia, na mkaa usipobadilishwa kwa wakati, kitu cha bei kubwa huharibika kwa uvivu wa kubadilisha kitu cha bei ndogo. Kile kipimo kidogo cha chumvi zilizoyeyuka, kinachouzwa pamoja na mtambo, hakitambui floridi. Kinaonyesha jumla ya chumvi zote. Manufaa yake ni kulinganisha maji yanayoingia na yanayotoka. Pengo likianza kupungua mwezi hadi mwezi, utando umechoka. Kujua floridi yenyewe, peleka chupa maabara ya maji.

Kosa kubwa kuliko yote ni kujaza tangi zima kwa maji ya RO. Maji hayo ni matupu. Hayana bikaboneti ya kuzuia asidi, kwa hiyo uchafu wa samaki unapooza, maji yanaweza kugeuka ghafla kuwa ya asidi, na bakteria wanaogeuza amonia wakadhoofika. Hayana kalsiamu wala magnesi ambazo samaki huzihitaji. Samaki aliyezoea maji yenye chumvi akitupwa humo, mwili wake hunyonya maji kupita kiasi. Anayefuga tetra wadogo wa bonde la Amazon, waliotoka kwenye mito laini ya asidi, ana sababu ya kuchanganya: nusu ya RO na nusu ya bomba lenye miligramu 4 vitampa karibu 2.2, na soda itapungua kwa karibu nusu. Huyu mtambo unamfaa. Huenda akahitaji hata kuongeza chumvi maalumu za kalsiamu na magnesi. Wengine wasiende huko.

Na hapa naifikia hoja ninayoipenda kati ya zote zinazotolewa dhidi ya mtambo huu, ingawa siikubali yote. Inasema: tuna maziwa yetu, kwa nini tuhangaike na samaki wa Amazon? Ziwa Tanganyika lina maji ya alkali, yenye soda na magnesi, na humo wamo samaki wa miambani wa jamii ya sato, zaidi ya aina 200, wenye rangi ambazo wafugaji wa Ulaya na Marekani hulipia ghali. Ziwa Nyasa nalo lina samaki wake wa miambani, mbuna. Hao wamezaliwa kwenye maji yanayofanana na yetu kuliko yanavyofanana na ya Amazon. Kabisa! Anayeanza kufuga Arusha na akachagua samaki wa Tanganyika amejipunguzia nusu ya matatizo. Ila kufanana kwa alkali si kufanana kwa kila kitu, na tangi linalopaa bila kipimo litavuka hali ya ziwa lolote wanalolijua samaki hao. Wapo wanaotaja samaki wadogo wa Ziwa Natron, wa jamii ya Alcolapia, wanaoishi kwenye magadi moto kaskazini mwa mkoa wetu, kuwa ushahidi kwamba samaki huzoea chochote. Ushahidi huo unasema kinyume. Ndugu yao wa Ziwa Magadi, ng'ambo ya mpaka Kenya, hutoa uchafu wake kama urea badala ya amonia, kwa sababu katika alkali ile amonia isingeweza kumtoka. Ni mwili uliobadilishwa na vizazi visivyohesabika. Samaki aliyenunuliwa dukani hana vizazi hivyo. Ana wiki chache.

Ipo hoja nyingine nzito zaidi: mvua. Arusha ina masika na vuli, na maji ya mvua hayajagusa majivu ya Meru, kwa hiyo hayana floridi ya kuhesabika. Kwa zile lita 10 za wiki, pipa moja la mvua lingetosha kwa miezi mingi bila umeme, bila pampu na bila kumwaga tone. Nakubali, na mwenye paa safi na pipa lenye mfuniko sioni kwa nini anunue mtambo kwa ajili ya samaki. Aachie mvua ya kwanza ioshe vumbi na masizi ya mkaa, kisha akinge. Tahadhari yangu ni mabati. Maji ya mvua ni laini na yana asidi kidogo, huichuna zinki iliyopakwa kwenye bati, hasa bati jipya, na zinki kwenye maji laini huua samaki kwa kiasi ambacho binadamu asingekihisi. Bati lililopakwa rangi au paa la vigae ni salama zaidi. Mkaa wa mifupa nao, ambao Ngurdoto waliufanyia kazi kubwa, hauhitaji umeme wala haumwagi maji, na kwa kunywa ni njia ya heshima ukichomwa sawasawa na kubadilishwa kabla haujachoka. Kwenye tangi una kasoro moja: unaweza kutoa fosfeti, na fosfeti ni mbolea ya mwani wa kijani unaofunika vioo.

Limebaki suala la maji yanayomwagwa, na hapa wauza mitambo hunyamaza. Mtambo wa nyumbani hutoa lita 1 safi na kumwaga 3 au hata 4. Kwa bomba la miligramu 4, zile 3 zinazotoka pembeni zitakuwa na 5.2 hivi. Si maji machafu: yanafaa kusafishia choo, kudeki na kuoshea gari. Yasiwekwe kwenye birika la ng'ombe wala chombo cha kuku, na bustani isimwagiliwe nayo mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa sodiamu huufanya udongo ushikamane na kuwa mgumu. Yakiwekewa pipa lake, lita 10 za tangi hugharimu lita 30 ambazo zingetumika chooni vilevile. Anayejaza tangi la lita 200 lote kwa RO anamwaga 600 mara moja, na katika mtaa wenye mgao hilo siwezi kulitetea kwa hoja yoyote.

Mwisho nimjibu anayesema kwamba kuzungumzia maji ya samaki wa mapambo, wakati watoto wa Ngare Nanyuki wana meno ya kahawia, ni kukosa adabu. Uchungu wake naushiriki. Lakini mtambo uliokwisha kununuliwa kwa ajili ya samaki unaweza kutoa, hata ule mdogo, lita 100 au zaidi kwa siku ukipata shinikizo lake, na tangi linataka 10 kwa wiki. Floridi hudhuru meno wakati yanapoundwa ndani ya ufizi, yaani tangu utotoni hadi karibu miaka 8, kwa hiyo anayefaidika zaidi na maji hayo ni mtoto mchanga anayekorogewa maziwa, kisha anayepikiwa uji, kisha wakubwa wanaokunywa chai. Hao wapewe bomba lao kwenye mtambo, lenye chujio la mwisho lililo safi. Wali na makande vipikwe kwa maji hayo, na magadi ya kulainishia maharage yapunguzwe, maana baadhi ya magadi ya ukanda huu yana floridi yake pia. Mchana wa Jumamosi, mpira wa pili uelekezwe kwenye ndoo ya samaki, ijae nusu, kisha ufungwe.